Mkungu wa Ndizi wa Mkuu wa Chuo

"Mtu akisema uongo mbele ya kinasa sauti, rekodi hiyo utaiita nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, kabla hata sijaonyeshwa kiti. Aliyeniuliza alikuwa Mkuu wa Maktaba wa chuo cha sheria hapa Morogoro, mama mmoja mrefu na mpole aliyevaa sweta hata siku ambazo sisi wengine tulikuwa tukijipepea kwa majalada. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu chuo kikuu, kwamba inategemea uongo ni kitu gani. Akasema hilo si jibu, hiyo ni njia ya kulikimbia swali. Ndipo akanionyesha kiti.

Vijana wa maktaba siku hizi wananiita "mstaafu", nami sijafikisha hata miaka arobaini. Wanasema hivyo kwa sababu mkataba wangu wa kurekodi ulikwisha na sasa kazi yangu ni kuwafundisha wao. Basi na niandike kama wastaafu wanavyoandika, nianze na mwanzo.

Nilikuwa na shahada ya historia na nilikuwa naishi kwa mama Kihonda. Kila asubuhi mama aliniuliza kwa upole kama historia imeshaitwa kazini. Tangazo la chuo lilitaka mtu wa kurekodi masimulizi ya wahitimu, hasa wa darasa la kwanza, wale waliofundishwa uhakimu wa mahakama za mwanzo wakati chuo kina madarasa mawili na jiko la nje. Kumbukumbu za miaka ile zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kilichobaki kilikuwa vichwani mwa wazee, na wazee walikuwa wanaondoka. Chuo kilitaka kufungua chumba cha kusikilizia, na ukutani kitundike ubao wenye majina ya darasa hilo.

Mimi sikuiamini kazi hiyo. Nilimuuliza Mkuu wa Maktaba kwa nini tunawarekodi waliofaulu na hatuwarekodi waliohukumiwa nao. Nikamuuliza kwa nini tumwamini mzee wa miaka themanini juu ya jambo la ujana wake, wakati mimi sikumbuki nilikula nini juzi. Hakukasirika. Alisema maswali yangu ni mazuri na niyaweke, ila kwanza nijifunze kukaa kimya.

Kukaa kimya ndiyo nusu ya ufundi. Mhojiwa, yaani yule anayerekodiwa, akinyamaza, usiharakishe kumjazia. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja baada ya ukimya. Usiseme "ndiyo, ndiyo" kila anapovuta pumzi, tikisa kichwa tu. Kabla ya kuanza, rekodi sauti ya chumba kikiwa kitupu, ili baadaye ujue feni ni ipi na koo la mzee ni lipi. Mlimani, mvua ikianza kupiga bati, zima, unywe chai. Halafu inakuja kazi ya unukuzi, kuyaweka maneno kwenye maandishi. Kanuni ya Mkuu wa Maktaba ilikuwa moja: andika kilichosikika tu. Mtu akicheka, andika kwenye mabano kwamba anacheka. Asipocheka, usimchekeshe wewe. Kumbukeni kanuni hiyo, kwa maana ndiyo iliyotuingiza kwenye matatizo.

Mhojiwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Pius, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, anayeishi Mgeta. Nilimkuta anamenya njegere kwenye baraza yake, amejifunga shuka mabegani kwa ajili ya baridi. Niliposema baba yangu ni wa huku huku milimani, aliniuliza upande wa mama kwanza, maana kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Nikamwambia mama ni mtu wa Moshi. Akanitazama kwa huruma, akasema basi mimi ni mgeni mwenye uso wa nyumbani, na akaniletea viazi vya kuchemsha.

Alizungumza vizuri, bila kujikweza. Alieleza walivyojifunza kuandika mwenendo wa kesi kwa mkono, na jinsi walivyofanya mahakama ya mazoezi, kesi za kubuni ambazo mwanafunzi mmoja alikuwa hakimu, wengine mashahidi, na mpishi wa chuo akilazimishwa kuwa mshtakiwa. Nilipomuuliza kama ana cheti, alikaa kimya, nami nikakaa kimya. Cheti, alisema, kiliondoka na ukuta wa nyumba mwaka ambao mlima uliporomoka kwa mvua.

"Nimehukumu watu tangu kijana mpaka mvi," alisema. "Sasa mimi mwenyewe sina karatasi ya kuonyesha. Wajukuu wanadhani babu anajisifu. Hilo jina mkiliandika ukutani, nitashuka nao waje walisome."

Hilo tu ndilo aliloomba.

Aliyefuata alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, naye hakimu mstaafu, aliyeoa Ngerengere na kubaki huko jirani na reli. Alikuwa mkavu, mnyoofu, kofia yake imekaa sawasawa kichwani. Treni ya mizigo ilipita, tukasubiri, kisha nikamuuliza kuhusu wenzake wa darasa la kwanza, nikimtaja Mzee Pius. Akajibu kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia choo kiko wapi.

"Pius? Pius hakumaliza. Alifukuzwa muhula wa pili kwa kuiba mkungu wa ndizi wa Mkuu wa Chuo. Mimi ni shahidi. Aliingia bustanini, akakata, akabeba begani kama mtu anayerudi kutoka shambani kwake."

Sikuingilia. Nilisubiri kama atacheka. Hakucheka. Akaendelea na habari nyingine, kwamba Mluguru akishushwa mlimani anatembea kwenye tambarare huku miguu inatafuta kilima, na hilo pia alilisema bila kucheka.

Najua mnachowaza. Msichana wa Morogoro, baba yake Mluguru, hajui kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani? Nilijua. Nimekwenda misibani nikaona watani wakimnyang'anya mfiwa kiatu na kudai kikombolewe. Lakini utani niliouona mimi ulikuwa na kelele, vicheko na watu wa kushuhudia. Mzee Maganga alikuwa peke yake na msichana mwenye mashine, anazungumza kama mtu aliye kizimbani. Na mimi, ambaye huwa nashuku kila kitu, nilishuku upande rahisi. Nilimshuku asiye na cheti.

Basi nikanukuu kama nilivyosikia. Kwenye karatasi, bila mabano, yale maneno yalisomeka kama ushahidi, na waliokuja kuyasoma walikuwa wanasheria.

Mkuu wa Chuo wa sasa, aliyeiongoza kamati ya kumbukumbu, ni mtu makini anayesoma hadi nukta ya mwisho. Kwa kabila si wa huku na hana mtani hata mmoja kati ya watu wa Morogoro. Aliuliza kama kuna hati yoyote ya kuthibitisha kwamba Mzee Pius alihitimu. Hakuna, zimeliwa. Akauliza kama kuna mhitimu mwingine wa darasa lile aliye hai wa kumtetea. Aliyebaki na kumbukumbu timamu ni huyo huyo Mzee Maganga. Akavua miwani.

"Chuo cha sheria hakiwezi kutundika ukutani jina lenye mashaka," alisema. "Simwiti mzee wa watu mwongo. Nasema hatuna ushahidi, na upo ushahidi kinyume."

Mkuu wa Maktaba alisema polepole kwamba amewahi kusikia Wanyamwezi wakizungumza hivyo. Mkuu wa Chuo akamjibu kwamba kusikia si kujua, na niseme ukweli, niliona ana hoja. Tukapewa muda mpaka ubao upelekwe kwa fundi. Nje ya mlango Mkuu wa Maktaba alinigeukia.

"Wewe unahoji kila mtu," aliniambia. "Huyu mbona umemhoji mara moja tu?"

Nikampigia simu Mzee Maganga. Katika kazi hii huruhusiwi kumsikilizisha mhojiwa mmoja maneno ya mwenzake bila ruhusa ya aliyeyasema. Nilimwomba ruhusa nikiwa na wasiwasi. Hakusita.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie ada ya kusikiliza ni jogoo."

Nikapanda tena Mgeta, sehemu ya mwisho kwa pikipiki, ukungu ukiwa umekaa juu ya matuta ya kabeji. Njiani nilipanga jinsi ya kumwambia mzee wa watu kwamba rafiki yake amemwita mwizi na jina lake liko hatarini. Mwishowe sikusema chochote. Nilimwekea kinasa sauti mezani, nikabonyeza.

Mzee Pius alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika kwenye mkungu wa ndizi, mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia. Nilipouona uso wake, ulikuwa umelowa, lakini si kwa huzuni.

"Mshenzi yule," alisema kwa furaha kabisa. "Yuko hai."

Akanieleza kwamba mke wake alipofariki, Mzee Maganga hakuja. Mtani asipokuja msibani ni jambo kubwa. Ndiye anayetakiwa kuwachekesha wafiwa ili wale chakula, ndiye anayetukana pale ambapo wengine wote wanapaswa kulia. Mzee Pius alikaa matanga yote akitazama njia. Baadaye akasikia kwamba mwenzake alikuwa amelazwa, lakini hakuna aliyejua hakika, na simu hazikupatikana. Tangu hapo alikuwa akiamini ama amekufa, ama amemwacha.

Nikamweleza basi yaliyotokea kwenye kamati. Furaha ikapungua usoni, ikaja sura nyingine, ya kiti cha hakimu.

"Ulimwapisha?"

"Hapana, Mzee. Sisi hatuapishi."

"Basi hukuchukua ushahidi. Ulichukua mazungumzo." Akaendelea kumenya njegere. "Watani wakija kwangu na kesi, nilikuwa nawaacha kwanza uani watukanane mpaka wachoke. Karani alikuwa anakasirika, anasema tunapoteza muda. Wakiisha kuchoka, nawaita ndani, nawaapisha. Baada ya kiapo hakuna utani. Sijawahi kumwona Mnyamwezi anayetania baada ya kiapo, na wengi nimewaona."

Nilirudi na maneno hayo kwa Mkuu wa Chuo nikiwa nimeyaandaa kama hoja ya mahakama ya rufani. Hayakuhitajika. Aliposikia neno kiapo alikaa sawa kitini. Yeye ni wakili, na mawakili wengi ni makamishna wa viapo, yaani wanaruhusiwa kisheria kumwapisha mtu. Alisema kama Mzee Maganga yuko tayari, yeye mwenyewe atamwapisha, na kinasa sauti kiwashwe.

Tukawakutanisha kwenye chumba cha mahakama ya mazoezi, ambako wanafunzi wa leo wanajifunza kuwa mawakili wa watu ambao hawapo. Mzee Pius alifika kwanza na jogoo kwenye kikapu. Mzee Maganga akaingia kwa fimbo, amekonda kuliko nilivyomwacha, akasimama mlangoni.

"Kumbe hujafa?" alisema. "Nimebeba sanda bure."

"Sogea. Nilikuwa nakusubiri unibebee kikapu. Si ndiyo kazi yenu tangu enzi za misafara?"

"Nani kakushusha huku? Utaanguka. Huku hakuna kilima cha kushika."

"Mke wangu amezikwa, wewe unalala hospitali kama bibi harusi."

Mzee Maganga aliegemea fimbo yake. "Ningekuja," alisema, "ningemcheka sana kwa kukuvumilia." Wakashikana mikono na hawakuachana upesi. Mkuu wa Chuo aliangalia kando. Nadhani ni hapo alipoelewa, lakini yeye ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ukaendelea.

Akamwapisha. Mzee Maganga alivua kofia, akaishika kifuani, kisha akaona si sawa, akairudisha kichwani. "Wallahi nitasema kweli," alisema, na uso wake ukabadilika hivi kwamba hata jogoo alionekana kunyamaza. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Mzee Pius alifukuzwa chuo?"

"Hakufukuzwa."

"Alimaliza na darasa la kwanza?"

"Alimaliza. Nilimwona kwa macho yangu anapokea cheti. Nilikuwa nimesimama nje, dirishani. Alivaa suruali ya kuazima, fupi, soksi zote zinaonekana."

"Kwa hiyo Ngerengere ulinidanganya?"

"Ngerengere hukuniapisha, mwanangu. Ngerengere nilikuwa namsalimia mtani wangu. Nilijua wewe utafika kwake."

Nilikuwa na swali jingine mdomoni. Mzee Pius akakohoa, na Mkuu wa Chuo akasema ushahidi umetosha, mahakama haiulizi zaidi ya inachohitaji. Nikazima.

Ubao ulikwenda kwa fundi na majina yote mawili, Pius na Maganga, mmoja chini ya mwingine. Siku ya kufungua chumba, Mzee Pius alishuka na wajukuu wake. Aliwasimamisha mbele ya ukuta, akawaacha wasome wenyewe. Mjukuu mkubwa alisoma kwa sauti, jina zima, na babu yake akarekebisha kola ya shati kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Mzee Maganga alikaa mbele ya ubao kwa muda mrefu. Kisha akaniita mimi na Mkuu wa Maktaba, akasema jina lake tulitoe pale. Hastahili kukaa hapo na Waluguru. Tukacheka, sote tuliokuwa karibu tukacheka, maana sasa tulikuwa tumeshajifunza. Hata Mkuu wa Chuo alicheka, akajaribu na yeye kutupia neno. Mzee Pius peke yake hakucheka. Alisema tu, "Mwacheni hapo hapo."

Mkataba wangu ulikwisha baada ya mwaka. Nilifundisha shule moja ya sekondari, nikafanya kazi kwenye redio ndogo ya mjini, kisha Mkuu wa Maktaba, alipokaribia kustaafu kweli, akaniita nirudi kuwafundisha vijana. Mama anasema historia hatimaye imeitwa kazini. Nina meza karibu na dirisha linaloutazama mlima, nina kiti ambacho ni changu, na ninaridhika zaidi ya nilivyodhani mtu wa aina yangu anaweza kuridhika.

Bado nahoji. Nawaambia vijana wasimwamini mhojiwa, kisha wasijiamini wao. Nawaonyesha jinsi ya kuandika mabano, na nawaambia mabano hayatoshi, waandike pia anayezungumziwa ni nani kwa anayezungumza: shemeji, adui, mtani. Kanuni ile ya kuandika kilichosikika tu tuliiongezea hilo, kwa idhini ya kamati. Na kila anayeanza kazi namuuliza swali lile la kwanza, nikiwa sijamwonyesha kiti. Wengi wanasema inategemea.

Mzee Maganga alifariki Ngerengere. Mzee Pius alikwenda mazikoni, akafanya kazi yake ya utani hadi wajane wakacheka, na anaendelea kumenya njegere zake Mgeta.

Mwaka uliopita kijana wetu mmoja alikwenda Dakawa kumrekodi Bi Mwanahamisi, hakimu mstaafu wa darasa la pili, ambaye sasa analima mpunga. Siku hizi tunawauliza wahojiwa mwanzoni kama wanataka kuapa, na wengi wanakataa kwa kicheko. Yeye alikubali. Niliikagua rekodi ile mwenyewe, nikiwa na chai yangu dirishani. Kijana alimwomba ataje waliomaliza naye, akaanza kuwataja, na katikati akamtaja Maganga. Kijana, ambaye ameusoma ule ubao kila siku, akamwambia Mzee Maganga alikuwa darasa la kwanza.

Bi Mwanahamisi alisema hapana. Maganga alianza na lile la kwanza, lakini muhula wa pili alirudishwa kwao Tabora kwa ajili ya mkungu wa ndizi wa Mkuu wa Chuo, kwa sababu alikutwa na maganda na akakataa kumtaja mwenzake aliyeukata. Mwaka uliofuata alirudi, akamaliza na wao. Na siku darasa la kwanza lilipopewa vyeti alikuja kwa treni kutoka Tabora, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia ukumbini, alisimama nje, dirishani.